Kuipata Taswira ya Stirio Sebuleni: Kupanga Spika na Kutuliza Kuta

Sebule nyingi za Kampala zina spika mbili nzuri zinazofanya kazi ya spika moja. Moja imewekwa juu ya kabati la televisheni, nyingine imesukumwa pembeni nyuma ya kochi ili isiwasumbue wageni, na muziki unasikika kwa nguvu lakini hauna mahali pake: huwezi kunyoosha kidole ukasema kwamba mwimbaji yuko hapa, mpiga gitaa yuko pale, na ngoma iko nyuma yao kidogo. Picha hiyo ya kila sauti mahali pake ndiyo taswira ya stirio, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kukinyoosha kidole hicho.

Sauti ya njia mbili ilibuniwa kwa kusudi hilohilo. Alan Blumlein, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI, aliwasilisha ombi la hataza yake mwezi wa Desemba 1931, na msingi wa kazi yake ulikuwa namna masikio mawili yanavyolinganisha kile yanachopokea. Sauti inayotoka ubavuni kabisa hulifikia sikio la mbali ikiwa imechelewa kwa milisekunde 0.6 au 0.7 tu, tena ikiwa imepungua nguvu kwa sababu kichwa kimeikinga, na ubongo hutumia tofauti hizo ndogo kukadiria upande. Spika mbili zikitoa sauti ileile, kwa nguvu ileile na kwa wakati uleule, ubongo huiweka sauti hiyo katikati, mahali pasipo na kifaa chochote. Sauti hiyo ya katikati ndiyo kipimo chetu tangu mwanzo hadi mwisho. Ikisimama imara, vyombo vingine vyote hupata mahali pake kushoto na kulia. Ikiyumba, hakuna kitakachokaa sawa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni ulinganifu wa kushoto na kulia, na vifaa vya kutuliza kuta huja baadaye. Nalisisitiza hili kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kinyume. Nilinunua sifongo nyembamba ya sentimita mbili na nusu, nikaigandisha karibu kwenye kuta zote za chumba nilichokuwa nimepanga Kisaasi, na matokeo yakawa chumba kisicho na uhai, chenye besi inayovuma kama pipa tupu na waimbaji wanaosikika kana kwamba wamefunikwa kwa blanketi. Taswira haikurudi, kwani spika ya kushoto ilikuwa bado imepakana na dirisha na ya kulia imepakana na mlango ulio wazi. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Zile za mwanzo hazikugharimu chochote zaidi ya alasiri moja, kamba na futi ya kupimia.

Hatua ya kwanza: hakikisha waya

Kila spika ina ncha mbili, nyekundu na nyeusi, na amplifaya vilevile. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa, koni (utando unaotetemeka) ya spika moja itakuwa inatoka nje wakati ile ya pili inaingia ndani, na sauti inayopaswa kukaa katikati hutawanyika chumbani bila makao, huku besi ikipungua sana kwa kuwa spika hizo zinafutana.

Ili kupima, cheza sauti ya mtu mmoja anayezungumza, iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja, na uketi umbali ulio sawa kutoka kila spika. Zima amplifaya, geuza waya za spika moja tu, uwashe tena na usikilize. Katika hali mojawapo msemaji atakuwa amekazana mahali pamoja mbele yako. Katika hali nyingine atakuwa kila mahali na hayuko popote. Baki na ile ya kwanza.

Wenye spika zilizowahi kupelekwa kwa fundi wachukue tahadhari zaidi, kwa kuwa anayebadilisha koni au koili anaweza kuzigeuza waya za ndani bila kujua, na rangi za nje zikawa zinadanganya. Ikiwa spika hazina amplifaya ndani yake, zitenganishe na waya zote, kisha uguse ncha zake kwa betri moja ya volti 1.5 kwa kitambo kifupi tu, upande chanya kwenye nyekundu. Koni ya wufa, ile kubwa inayotoa besi, inatakiwa kuruka kuelekea nje. Zikitofautiana, umeshapata tatizo ambalo hakuna pazia wala zulia lingeliweza kulitibu. Hakikisha pia kwamba fundi alirudisha wufa na twita (zile ndogo zinazotoa sauti za juu) za aina moja pande zote mbili. Spika mbili zisizofanana hazitakupa taswira hata chumba kiwe bora namna gani.

Hatua ya pili: chagua ukuta

Nyumba zetu zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyopigwa plasta, sakafu zake ni za saruji au vigae, na madirisha ni ya kioo yenye nondo za kuzuia wezi. Vyote hivyo huirudisha sauti karibu yote. Wala si vibaya kwa kila hali, maana ukuta mgumu ukiwa sawasawa pande zote mbili unatabirika. Tatizo ni kwamba sebule ya kawaida haina pande mbili zinazofanana. Upande mmoja una dirisha kubwa, na upande wa pili unaachia ujia wa kwenda vyumba vya kulala. Sauti inayogonga kioo hurudi, ile inayoingia kwenye ujia hairudi, na mwimbaji huvutwa kuelekea dirishani.

Tembea chumbani ukiwa na swali moja tu: ni ukuta gani ambao, nikiupa mgongo wa spika, utaniachia pande mbili zinazokaribiana kwa umbo na kwa ugumu? Mara nyingi ni ukuta mfupi, kwa kuwa huacha urefu wa chumba mbele ya spika na nafasi nyuma ya msikilizaji. Lakini ikiwa ukuta mrefu ndio pekee wenye ulinganifu, mimi nitauchagua huo bila kusita, na nitaketi karibu zaidi na spika. Pale ambapo ujia hauepukiki, tundika pazia zito kwenye uwazi wake na jingine la kitambaa hichohicho mbele ya dirisha, uyafunge yote mawili unaposikiliza. Katika soko la Owino hupatikana mapazia ya mitumba ya kitambaa kizito sana kama yale ya hoteli. Kata upana mara mbili ya uwazi wenyewe ili yaning'inie kwa mikunjo, kwa sababu pazia lililonyooshwa kama shuka hufyonza kidogo tu.

Mfano nitakaoutumia hapa ni wa chumba chenye urefu wa mita 4.2, upana wa mita 3.3 na kimo cha mita 2.7. Katika joto la nyuzi 25, ambalo ni la kawaida Kampala, sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde. Gawanya kasi hiyo kwa mara mbili ya urefu wa chumba, nawe utapata noti ya chini kabisa ambayo chumba kitaikuza kwa mwelekeo huo: hapa ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 41 kwa urefu, 52 kwa upana na 64 kwa kimo. Zimeachana, na hilo ni jema. Chumba cha mraba chenye mita 3.3 kila upande kingeziweka mbili kati ya hizo juu ya hezi 52, na noti moja ya gitaa la besi ingenguruma kuliko nyingine zote. Mwenye nafasi ya kuchagua kati ya vyumba viwili asichague kile cha mraba.

Hatua ya tatu: pembetatu ya kamba

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Spika mbili na kichwa cha msikilizaji viwe ncha tatu za pembetatu yenye pande sawa. Pima ukuta wa mbele, tafuta kitovu chake hasa, na utie alama kwa chaki. Kutoka hapo chora mstari ulionyooka hadi ukuta wa nyuma. Huo ndio mhimili wa kazi yote, na pua yako itakaa juu yake.

Katika chumba cha mfano wetu naweka spika mita 2 kutoka moja hadi nyingine, nikipima kati ya twita na twita. Kila moja inabaki na sentimita 65 hadi ukuta wa ubavuni. Uso wa spika unakaa sentimita 80 mbele ya ukuta ulio nyuma yake. Kiti, kwa hesabu ya pembetatu, kinaangukia mita 1.73 mbele ya mstari wa spika, ambayo ni mita 2.53 kutoka ukuta wa mbele, na nyuma ya kichwa panabaki mita 1.67. Mahali hapo panafaa kwa sababu ya pili pia: hapako katikati ya urefu wa chumba, ambapo ile noti ya hezi 41 karibu hupotea, wala hapako ukutani, ambapo kila besi huvimba.

Usiridhike na kukadiria kwa macho. Funga kamba isiyovutika mahali kichwa kitakapokuwa, kwenye mpini wa fagio uliosimamishwa juu ya kiti, uivute hadi twita ya kushoto, uibane kwa kidole, kisha uihamishe hadi twita ya kulia. Isiachane hata sentimita moja. Sentimita moja ni karibu sehemu 3 za mia za milisekunde. Yaonekana kidogo mno, lakini sikio la binadamu hutambua tofauti ya wakati iliyo ndogo kuliko hiyo. Spika moja ikiitangulia nyenzake kwa milisekunde moja, yaani kwa sentimita 35 hivi, sauti nzima huhamia upande wake na katikati hupotea.

Kuhusu umbali wa spika kutoka ukuta wa mbele, fahamu kinachotokea. Besi huzunguka kasha la spika, hugonga ukuta, hurudi na kukutana na ile inayotoka mbele. Umbali ukiwa robo ya wimbi, mawimbi hayo mawili yanafutana. Kwa sentimita 80 shimo hilo liko karibu hezi 108. Kwa sentimita 30 lingekuwa karibu hezi 288, mahali ambapo sauti ya mwanamume ina nguvu yake. Umbali kutoka ukuta wa ubavuni na kutoka sakafuni una mashimo yake vilevile, basi usiufanye umbali wowote kati ya hiyo mitatu kuwa sawa na mwingine, yasije yakarundikana mahali pamoja.

Twita iwe kwenye kimo cha sikio la mtu aliyeketi, ambacho kwa makochi mengi ni kati ya sentimita 95 na 110. Spika ndogo zinahitaji stendi, na wachomeleaji wa Katwe watakutengenezea jozi ukiwapelekea mchoro wenye vipimo. Agiza nguzo iliyo wazi ndani na uijaze mchanga mkavu, maana bomba tupu huvuma pamoja na muziki. Mchanga wa ziwani unafaa, ila uanike juani siku nzima kwanza, kwani ukiwa na maji utaozesha chuma.

Mwisho wa hatua hii ni kuzigeuza spika zikutazame. Anza kwa kuzielekeza hadi nyuso zake zikutane nyuma kidogo ya kichwa chako, huku mtu mwingine akizigeuza kwa nyuzi chache wakati wewe umeketi. Zikikutazama sana, mwimbaji hukazana lakini uwanja wote husinyaa; zikitazama mbele moja kwa moja, uwanja hupanuka na mwimbaji huyeyuka. Kati ya hali hizo mbili kuna mahali ambapo msemaji wa ile rekodi ya maikrofoni moja ana upana wa kichwa cha mtu. Ukipafikia, pima kwa futi pembe mbili za nyuma za kila kasha hadi ukutani, ulinganishe kushoto na kulia.

Hatua ya nne: ondoa vilivyomo kati

Meza ya kioo iliyo kati yako na spika iondoke wakati wa kusikiliza, kwa kuwa hurusha sauti moja kwa moja usoni. Televisheni ibaki nyuma ya mstari wa spika, na ikiwa ni kubwa, itupie blanketi nene. Kabati la vyombo lisisimame ubavuni mwa spika moja peke yake.

Hatua ya tano: tafuta akisi za kwanza kwa kioo

Mjerumani Helmut Haas alionyesha mnamo mwaka 1949 kwamba akisi, yaani sauti inayorudi kutoka ukutani, ikifika ndani ya milisekunde chache haisikiki kama mwangwi wa pekee. Huungana na ile ya kwanza, na mwelekeo hubaki wa ile iliyotangulia. Ubongo unakusaidia, basi, lakini msaada huo una gharama, kwani akisi zinazokuja mapema mno na kwa nguvu hubadilisha rangi ya sauti, hupanua kile kilichopaswa kuwa nukta, na zikitofautiana kushoto na kulia huipinda taswira.

Keti mahali pako. Mwombe mtu wa nyumbani ateleze kioo cha kujitazamia kwenye ukuta wa kushoto, kwa kimo cha twita, kuanzia mbele kuja nyuma. Pale unapoiona twita ya kushoto ndani ya kioo, weka alama. Endelea, na pale unapoiona twita ya kulia, weka alama ya pili. Rudia ukuta wa kulia. Katika chumba chetu alama ya kwanza itaangukia sentimita 49 mbele ya mstari wa spika, na ya pili sentimita 107. Sauti inayopitia alama ya kwanza husafiri sentimita 88 zaidi ya ile iliyonyooka, ikafika imechelewa kwa milisekunde 2.5, ile ya alama ya pili huchelewa kwa 7.6. Bamba moja lenye urefu wa sentimita 120, likilazwa, linafunika alama zote mbili.

Fanya vivyo hivyo kwenye dari, ambako kwa kimo cha mita 2.7 akisi huchelewa kwa milisekunde 5 hivi. Sakafuni, zulia nene lenye namda chini yake, lililotandikwa kati ya kiti na spika, linapunguza ukali wa sauti za juu. Mkeka wa ukindu, kwa uzuri wake wote, ni mwembamba na mgumu mno kwa kazi hii.

Hatua ya sita: tengeneza mabamba

Kinachofyonza sauti ni nyuzi au matundu yanayoiruhusu hewa ipite kwa shida, ili mwendo wa hewa ugeuke kuwa joto kidogo. Unene ndio unaoamua noti ya chini kabisa inayoguswa, kwa sababu hewa iliyogusana na ukuta haiendi popote, ila huenda kwa kasi kubwa zaidi robo ya wimbi kutoka ukutani. Ndiyo maana ile sifongo yangu ilikata sauti za juu peke yake na kuyaacha yote yaliyo chini. Trei za mayai, ambazo bado naziona zikibandikwa kwenye studio ndogo, ni karatasi ngumu iliyokunjwa. Hufyonza kidogo mno na hushika moto upesi.

Ninachopendekeza ni pamba ya mawe, ile ambayo mafundi huizungushia mabomba ya mvuke na hutumika kwenye kuta na mapaa ya viwanda. Uliza kwa wauzaji wa vifaa vya kuhifadhi joto na baridi, na uchague iliyokandamizwa kiasi cha kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, katika vipande vya sentimita 5. Viwili vikiwekwa pamoja vinakupa sentimita 10. Haishiki moto wala haiozi. Nyuzi zake huwasha, kwa hiyo vaa glavu, shati la mikono mirefu na barakoa unapoikata, na ukatie nje.

Ikikosekana, mablanketi ya pamba yaliyokunjwa hadi unene wa sentimita 10 yanafanya kazi kwa kiasi cha kuridhisha. Godoro la sifongo lina matundu, na linafyonza likiwa nene, lakini naliogopa ndani ya nyumba: sifongo huwaka haraka na moshi wake ni sumu, na sisi tunawasha mishumaa umeme ukikatika. Ukilazimika kulitumia, usiliache wazi kamwe, na usiliweke karibu na tundu la umeme wala mshumaa.

Fremu ni kazi ya seremala. Ndeeba kuna mbao za kila namna, na kwa kazi hii msonobari mkavu unatosha, kwa kuwa fremu haibebi uzito mkubwa. Agiza fremu za sentimita 120 kwa 60, zenye kina cha sentimita 10, na umweleze fundi mapema kwamba nyuma pabaki wazi. Mafundi waaminifu, kwa nia njema, hupenda kuzifunga kwa plaiwudi ili zionekane imara, na kwa kufanya hivyo huondoa sehemu ya faida. Ubao mmoja wa kukatiza katikati unatosha kuzuia pamba isitumbukie.

Kitambaa cha mbele kipime kwa mdomo: kibane kwenye midomo na upulize. Pumzi ikipita bila kizuizi, sauti itapita, ikikwama, kirudishe. Gunia la katani la kubebea kahawa linapita mtihani huu vizuri sana, na likifuliwa na kupigwa pasi linapendeza; ila ondoa mafuta na vumbi lake kwanza. Lubugo, kile kitambaa cha gome la mutuba ambacho Wabaganda wamekitengeneza kwa karne nyingi, hupendeza kuliko vyote, lakini hutofautiana mno kwa unene, hivyo puliza kila kipande kabla ya kukilipia, na ukatae kile kilichopakwa rangi nzito. Kabla ya kitambaa cha mwisho, funika pamba ya mawe kwa shuka jembamba ili nyuzi zisidondoke.

Tundika mabamba ya ubavuni yakiwa yameachana na ukuta kwa sentimita 10. Nafasi hiyo ya hewa ni unene wa bure, kwa sababu hulisogeza bamba kuelekea mahali hewa inapokwenda kasi. Tena huukinga ukuta na unyevu. Wakati wa mvua ndefu plasta ya nje hunywa maji, na kitu kilichogandishwa ukutani huota ukungu nyuma yake. La darini litundikwe kwa minyororo kutoka kwenye mbao za dari zenyewe, kamwe si kwenye ubao laini wa siling'i.

Hatua ya saba: pembe za chumba

Mrindimo wa besi hukusanyika penye pembe. Pale kuta mbili zinapokutana simamisha mabamba manene kuliko mengine, ya sentimita 20 au zaidi, yaliyokatiza pembe, kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, ukianza na pembe mbili zilizo nyuma ya spika. Yote mawili yafanane. Huu ndio mzigo mkubwa wa gharama, na mtu anaweza kuuahirisha kwa miezi, kwa sababu besi ya chini kabisa haibebi mwelekeo. Lakini atakayeufanya atashangaa jinsi sauti za kati zinavyosafika, maana mrindimo uliokuwa ukizifunika umeondoka.

Hatua ya nane: ukuta wa nyuma na kiasi cha kutosha

Ukuta ulio mita 1.67 nyuma ya kichwa huirudisha sauti baada ya milisekunde 10 hivi. Bamba moja au mawili hapo yanafaa, au rafu ya vitabu vya ukubwa mchanganyiko, ambayo huitawanya sauti badala ya kuimeza. Mwenye kochi lililoegemea ukuta wa nyuma, na hana namna ya kulisogeza, aweke bamba nene kuliko yote nyuma ya kichwa chake.

Kuhusu kiasi, tuna hesabu ya Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alipima muda wa mrindimo wa ukumbi huku akiingiza na kutoa mito ya viti usiku kwa usiku. Zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, ugawanye kwa muda unaoutaka, na utapata eneo la ufyonzaji linalohitajika. Chumba chetu kina mita za ujazo 37.4, nikitaka sauti ififie kwa sekunde 0.35, nahitaji mita za mraba 17 hivi. Mabamba sita yana uso wa mita za mraba 4.3 tu, lakini kochi, zulia, mapazia na watu walioketi hufanya sehemu kubwa ya kazi iliyobaki. Hivyo usiongeze mabamba kwa sababu tu nafasi ipo. Ukipiga makofi na kusikia mlio mkavu usio na kengele ndani yake, na bado mazungumzo ya kawaida yana uhai, acha hapo.

Hatua ya tisa: sikiliza

Rudia rekodi ya msemaji mmoja. Kisha cheza sauti ya chini inayopanda polepole, na utembeze mkono kwenye nondo za dirisha, vioo na vifuniko vya taa; kila kinachotetemeka kinaimba wimbo wake na kinahitaji kipande cha mpira au skrubu iliyokazwa. Usipime mvua inaponyesha juu ya mabati, kwani kelele zake hufunika yale madogo unayoyatafuta. Wenye kompyuta na maikrofoni ya kupimia wanaweza kutumia programu ya bure iitwayo Room EQ Wizard, wapime spika ya kushoto peke yake, kisha ya kulia, na walinganishe michoro miwili kuanzia hezi 300 kwenda juu. Zinapotofautiana, rudi kwenye hatua ya pili kabla ya kugusa kitufe chochote cha amplifaya.

Kwa mtihani wa mwisho natumia rekodi nzuri ya stirio ya amadinda, marimba ya magogo ya Wabaganda. Wachezaji wawili huketi wakitazamana pande mbili za magogo yaleyale, kila mmoja akipiga noti zake katikati ya noti za mwenzake kwa kasi, na wa tatu hupiga magogo mawili ya mwisho. Kwenye spika zilizopangwa ovyo husikika kama mvua ya noti. Siku pembetatu ilipokaa sawa nyumbani kwangu, niliweza kumfuata mchezaji mmoja kwa dakika nzima, nikamwacha, nikamfuata wa pili, kila mmoja kwenye kiti chake.

Ukiisha kuridhika, bandika vipande vya gundi ya karatasi sakafuni kwenye pembe nne za kila stendi na kwenye miguu ya kiti, na uandike vipimo vyote nyuma ya mojawapo ya mabamba, kwa sababu anayepiga deki Jumamosi atazisogeza spika, na wageni wa Krismasi watalisogeza kochi.